Mfalme Bandani: picha za nguruwe zilizomshusha Louis XVI

Jumamosi ya tarehe 25 Juni 1791, miaka miwili tangu Mapinduzi ya Ufaransa yaanze, mfalme wa nchi hiyo alirudishwa Paris chini ya ulinzi, na mji mzima ulikuwa umeonywa ufunge mdomo. Tangazo lililobandikwa mitaani lilisema: atakayempigia mfalme makofi atachapwa, atakayemtukana atanyongwa. Watu walijipanga barabarani maelfu kwa maelfu, wanaume kofia kichwani, hakuna aliyeivua. Walinzi wa Taifa walishika bunduki matako juu, kama wafanyavyo kwenye maziko. Gari likapita katikati ya kimya hicho mpaka kasri la Tuileries.

Lakini picha hazikuwa zimeambiwa zinyamaze. Majira hayohayo ya kiangazi, kwenye maduka ya picha na kwa wachuuzi wa kando ya mto Seine, mfalme huyo aliyepita bila kutukanwa alikuwa akiuzwa akiwa na kichwa chake mwenyewe na mwili wa nguruwe. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: msururu wa picha za kejeli zilizotoka baada ya mfalme kutoroka, kwa nini zilimchagua nguruwe, na zilifanya kazi gani ambayo hotuba na magazeti hayakuiweza.

Kwanza safari yenyewe, maana bila hiyo picha hazieleweki.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Juni, Louis XVI, mkewe Marie-Antoinette, watoto wao wawili, dada yake mfalme aitwaye Élisabeth, na mlezi wa watoto, Bi. de Tourzel, walitoka Tuileries kwa siri. Aliyesuka sehemu kubwa ya mpango ni Axel von Fersen, ofisa wa jeshi kutoka Sweden na mtu wa karibu sana wa malkia. Hati ya kusafiria ilikuwa na jina la Baronesi de Korff. Bi. de Tourzel akajifanya ndiye baronesi, malkia akawa yaya, mrithi wa kiti, mtoto wa miaka sita, akavikwa gauni la kike, na mfalme akavaa nguo za mtumishi wa nyumbani na kuitwa Durand. Walikuwa wakielekea Montmédy, karibu na mpaka wa kaskazini-mashariki, ambako Jenerali Bouillé alikuwa na majeshi yake.

Gari lilikuwa kubwa, zito, na la kutazamwa. Wakachelewa kila kituo. Walipofika Sainte-Menehould, msimamizi wa kituo cha farasi, Jean-Baptiste Drouet, alimwangalia yule mtumishi mnene akapata wasiwasi. Baadaye alilieleza Bunge kwamba sura ile aliifananisha na picha ya mfalme iliyo kwenye noti ya livre 50, livre ikiwa fedha ya Ufaransa wakati ule. Wapo wanahistoria wanaoona alipamba simulizi, na huenda kweli alipamba, kwa maana alikwishakuwa shujaa. Vyovyote iwavyo, aliruka juu ya farasi, akawatangulia kwa njia za mkato, na usiku uleule wakazuiwa Varennes, mji mdogo ulio kilomita 250 hivi kutoka Paris. Mfalme wa Ufaransa alikesha ghorofani kwa muuza duka wa vyakula na mishumaa aitwaye Sauce, aliyekuwa pia ofisa wa mji. Wakamleta mzee mmoja hakimu aliyewahi kufika Versailles ili amtambue. Mzee alipomwona tu akapiga goti. Durand akafia hapohapo.

Nyuma yake, Tuileries, mfalme aliacha waraka mrefu. Humo aliyakana mambo mengi aliyokuwa ameyaridhia mbele ya umma, akisema aliyakubali akiwa kama mateka. Hilo ni zito na lina hoja yake. Ila ndani ya waraka huohuo akachanganya malalamiko kwamba kasri la Paris halina starehe alizozizoea na kwamba fedha alizotengewa kwa ajili ya nyumba yake hazitoshi. Fedha zenyewe zilikuwa livre milioni 25 kwa mwaka. Sijui mshauri gani angeweza kumwandalia adui zake zawadi nono kuliko hiyo.

Sasa tuzitazame picha.

Moja inaitwa “Familia ya nguruwe yarudishwa bandani”. Ni ya mwaka 1791 na mchoraji hakuweka jina. Ndani ya mkokoteni wamejazwa nguruwe wenye vichwa vya watu: mfalme, malkia, watoto, ndugu. Wanarejeshwa. Hakuna vita, hakuna shoka, hakuna anayewapiga. Ni mifugo iliyovunja ua ikakamatwa na kurudishwa, kazi ya kawaida kabisa ya asubuhi kijijini. Ukali wake upo hapo. Mtu akichorwa kama zimwi, anaogopwa, na anayeogopwa bado ana ukubwa. Mchoraji huyu hakumpa mfalme hata ukubwa wa kuwa adui.

Ya pili naiona kali zaidi, ingawa ina watu wawili tu: mwanamume wa kawaida na nguruwe mmoja mnene mwenye kichwa cha Louis. Maneno yaliyo chini yake ni ya yule mwanamume, na ukiyaleta kwa Kiswahili yanasema hivi: Ah, mnyama aliyelaaniwa! Amenitaabisha mno kumnenepesha, sasa ana mafuta hata amekuwa na ugonjwa. Natoka sokoni, sijui tena nimfanye nini. Ugonjwa unaotajwa unajulikana na kila mfugaji: ni ule wa vilengelenge vya tegu ndani ya nyama. Wakati ule nguruwe wa namna hiyo alikaguliwa ulimi sokoni, na akigundulika, hauziki. Kwa hiyo mwenye picha hakusema tu kwamba mfalme ni mlafi. Alifunga mahesabu. Nimelisha, nimegharamika, nimempeleka sokoni, amekataliwa, nimerudi naye. Kisha swali linaachwa wazi, na mnunuzi wa picha analijibu mwenyewe akiwa njiani kwenda nyumbani. Nguruwe asiyeuzika hufanywa nini?

Hapa msomaji wa Pwani anaweza kupotea njia kidogo. Kwetu, neno nguruwe likitajwa, la kwanza kuja akilini ni najisi, na wengi watadhani tusi limeishia hapo. Kwa mkulima wa Ufaransa wa karne ya 18 mambo yalikuwa mengine. Nguruwe alikuwa akiba ya nyumba. Alilishwa mabaki ya jikoni mwaka mzima, akahasiwa akiwa mdogo ili anenepe vizuri, na baridi ilipoingia akachinjwa, nyama ikatiwa chumvi, familia ikapata kula hadi machipuko. Kwa hiyo picha ya nguruwe ilikuja na kalenda yake. Aliyeitazama alijua mnyama huyu yuko katika hatua gani na hatua ifuatayo ni ipi, bila kuandikiwa.

Na kule kuhasiwa nako si jambo la pembeni. Louis alioa mwaka 1770, na miaka saba ya kwanza ya ndoa ilipita bila ndoa yenyewe kutimia. Paris yote ilijua, ikacheka. Wafalme waliomtangulia walisemwa kwa vimada wao. Huyu hakuwa na kimada hata mmoja, na badala ya kusifiwa alichekwa kwa hilo pia. Alikuwa mtu wa kuwinda, wa kufua vitasa katika karakana yake, wa kula sana. Unene wake miaka ya mwanzo ulipita kama dalili ya neema, mfalme aliyeshiba na watu wake watashiba. Mwaka 1775 alipakwa mafuta matakatifu mjini Reims, akawagusa wagonjwa wa matezi kama desturi ya wafalme wa Ufaransa ilivyodai, kwa imani kwamba mkono wake una uponyaji. Agosti 1789, Bunge lilimpa cheo cha mrejeshaji wa uhuru wa Wafaransa. Julai 1790 aliapa kuitii katiba mbele ya umati mkubwa kwenye uwanja wa Champ-de-Mars. Katika kipindi chote hicho nguruwe walikuwepo kwenye picha za kejeli, lakini walikuwa makasisi walioshiba na matajiri. Mfalme alichorwa kwa heshima. Varennes ndiyo iliyompeleka upande wa pili wa uzio.

Pia kulikuwa na hadithi ya chakula. Ikaenea kwamba mfalme alikamatwa kwa sababu alisimama Sainte-Menehould kula miguu ya nguruwe, chakula kinachosifika cha mji ule. Camille Desmoulins, mwandishi wa gazeti aliyekuwa na ulimi kama wembe, aliishabikia sana. Haikuwa kweli. Kilichowachelewesha ni uzito wa gari, kuchelewa kuondoka, na askari wa kuwapokea kutokuwepo mahali walipopangiwa. Ila uongo huo ulikaa vizuri mno mdomoni: nguruwe anakula nguruwe, na kwa ajili ya tumbo anapoteza ufalme. London nako waliidaka. Kuna picha iliyochapwa huko mwaka 1791, inamwonyesha Louis mezani Varennes akitafuna huku ofisa akimletea amri ya kukamatwa, naye anajibu kwamba hilo halimhusu, aachwe ale kwa amani. Malkia yuko kwenye kioo anamuuliza kama bado hajamaliza batamzinga wake wawili na chupa zake sita. Kichwa chake cha habari kinasema ndege wazito huruka polepole.

Nani alizitengeneza? Kwa nyingi kati ya hizi za Paris jina halipo, na kutokuwepo huko kulikuwa sehemu ya biashara. Lakini jinsi zilivyotengenezwa inajulikana vizuri, na inaeleza kwa nini ziliweza kukimbizana na habari.

Fundi alichukua bamba la shaba lililolainishwa, akalipaka utando mwembamba wa nta na utomvu, akaufukiza moshi uwe mweusi. Kisha akachora kwa sindano, na kila alipopita sindano, nta ikatoka na shaba ikang’aa. Akamwagia tindikali. Tindikali ikala pale tu palipochorwa, ikaacha mifereji. Nta ikaondolewa, wino ukapakwa na kufutwa ili ubaki ndani ya mifereji peke yake, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mashine. Maandishi yote yalipaswa kuandikwa kinyumenyume, na katika picha za haraka utaona herufi iliyogeuka au neno lililobanwa ukingoni kwa kukosa nafasi. Wachongaji wa picha kubwa za heshima walitumia patasi moja kwa moja kwenye shaba kwa miezi. Njia ya tindikali ilikuwa ya siku chache. Rangi, kama ipo, ilipakwa kwa mkono nakala baada ya nakala, ndiyo maana hata leo ukiona nakala mbili za picha moja, koti la mmoja ni jekundu na la mwingine ni la buluu.

Bei ilikuwa sou kadhaa, yaani sarafu ndogo, na yenye rangi ilizidi kidogo. Waliouza walikuwa rue Saint-Jacques, mtaa wa zamani wa wachapaji, na kwenye baraza za Palais-Royal, na kwa wachuuzi waliotundika picha kwenye kamba kwa vibanio. Asiye na pesa alitazama bure. Asiyejua kusoma alingoja mmoja amsomee maneno ya chini kwa sauti, na hapo kikundi kinakuwa kimekwishakusanyika. Ndivyo magazeti yetu yanavyosomwa yakiwa yametandazwa chini kando ya barabara, vichwa vya habari kwanza, ubishi papo hapo, mnunuzi mmoja kwa wasomaji ishirini.

Wachapaji hawa nisiwapambe sana. Walikuwa wafanyabiashara. Bamba la shaba ni mali, halitupwi kwa sababu upepo umegeuka. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni picha rasmi ya Louis ya mwaka 1775, ya heshima kabisa, uso wa pembeni, nywele zimetengenezwa. Tarehe 20 Juni 1792 umati uliingia Tuileries, ukamzunguka mfalme kwa saa kadhaa, naye akavaa kofia nyekundu ya wanamapinduzi na kunywa kwa afya ya taifa. Muda si mrefu picha ileile ikawa sokoni tena. Uso ni uleule, mchoro ni uleule, isipokuwa juu ya kichwa imeongezwa kofia nyekundu. Hawakuhitaji kuchora upya. Kofia moja tu, na picha ya sherehe ikageuka kichekesho, au ushindi, kutegemea nani anatazama.

Turudi Juni na Julai 1791, maana hapo ndipo kisa kinakaza.

Bunge lilikuwa na tatizo kubwa. Katiba iliyofanyiwa kazi kwa miaka miwili ilimhitaji mfalme, na mfalme ametoroka akaacha waraka wa kuikana. Ukisema ametoroka, lazima umhukumu au umwondoe, na ukimwondoa huna katiba. Kwa hiyo wakubwa wakachagua uongo: mfalme hakutoroka, alitekwa. Watekaji wenyewe wakawa Bouillé na wenzake, ambao kwa bahati nzuri walikwishavuka mpaka. Tarehe 15 Julai Bunge likathibitisha kwamba mfalme mwenyewe hagusiki kisheria. Tarehe 17, watu waliokusanyika Champ-de-Mars kutia saini ombi la kutaka aondolewe walipigwa risasi na Walinzi wa Taifa waliokuwa chini ya Lafayette. Makumi walikufa, uwanja uleule wa kiapo cha mwaka uliopita. Baada ya hapo vyombo vya upinzani vikabanwa. Desmoulins akaacha kuchapa gazeti lake, Marat, mwandishi mwingine wa upinzani, akajificha. Tarehe 14 Septemba, Louis akaapa tena kuitii katiba, kana kwamba Juni haikuwahi kuwepo.

Katika hali hiyo picha zilikuwa mahali pa pekee. Ombi lina saini, na mwenye saini anaweza kutafutwa. Gazeti lina mhariri na anwani. Picha ya nguruwe haina mwenyewe, na haitoi madai yoyote ya kisheria ya kujibiwa bungeni. Inasema tu: walikuwa bandani, wakatoka, wamerudishwa. Mnyama anayetekwa na kupelekwa mbali haitwi mtoro. Huyu katoka kwa miguu yake. Hadithi rasmi ya kutekwa inavunjika bila mtu kuipinga kwa maneno.

Ipo picha nyingine ya wakati huo iliyolisema jambo hilo waziwazi zaidi: mfalme mmoja mwenye nyuso mbili. Upande mmoja anamwahidi mbunge kwamba ataitetea katiba, upande wa pili anamwahidi kasisi kwamba ataivunja. Kama hoja, hii ni bora kuliko ya nguruwe, kwa sababu ni sahihi zaidi. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Lakini hoja bora si lazima iwe picha yenye nguvu. Mwenye nyuso mbili ni mjanja, na mjanja bado unaweza kukaa naye mezani mkajadiliana. Nguruwe huwezi kujadiliana naye.

Kuhusu malkia lazima nitenganishe, kwa sababu wachambuzi wengi huwaweka fungu moja yeye na mumewe, na mimi naona si haki. Picha za Louis kama mnyama zilianza na kitendo chake mwenyewe, kutoroka Juni 1791, na ziliongezeka kadiri alivyozidi kutiliwa shaka. Marie-Antoinette alikwishaandamwa kwa vijitabu vichafu miaka mingi kabla ya mapinduzi, vikimzulia wapenzi wa kila namna, na kashfa ya mkufu wa almasi ya mwaka 1785, ambayo hakuhusika nayo, ikamzamisha. Mapinduzi yalipofika, wachoraji waliokota yaliyokuwepo. Wakamfanya fisi, chui, ndege mwenye makucha na uso wa mwanamke. Katika picha moja ya 1791 yeye na mumewe wameunganishwa mwili mmoja wa wanyama wawili: mume ana pembe, alama ya mwanamume anayesalitiwa na mkewe, na mke ni fisi mwenye nyoka badala ya nywele. Nyingine ilimfanya mbuni, kwa sababu jina la ndege huyo kwa Kifaransa linakaribiana na jina la Austria alikozaliwa. Anasema dhahabu na fedha anazisaga tumboni bila shida, ila katiba haimpiti kooni. Hiyo ni ya kuchekesha kweli, na inahusu siasa. Zilizobaki nyingi zinamwadhibu kwa kuwa mwanamke na mgeni. Oktoba 1793, mahakamani, Hébert, mwandishi wa gazeti la mapinduzi, alimshtaki hata kwa kumnajisi mwanawe mwenyewe, na hilo halikutoka hewani. Lilikuwa limetayarishwa na karatasi za miaka kumi na zaidi.

London, kwa upande wake, ilifanya biashara yake. James Gillray, mchoraji wa kejeli wa huko, alikuwa na picha ya kukamatwa kwa familia ya kifalme sokoni tarehe 27 Juni 1791, siku tano au sita tu baada ya tukio lenyewe, habari zikiwa zimelazimika kuvuka mlango wa bahari. Huko wafalme walichorwa vibaya pia, hata George III wao wenyewe. Lakini mwelekeo ulibadilika. Kadiri damu ilivyomwagika Paris, Gillray aligeuza kalamu dhidi ya wanamapinduzi. Septemba 1792 akawaonyesha wakila viungo vya watu mezani, na Februari 1793 akachora damu ya Louis ikipanda kuomba kisasi. Mtu aliyekuwa mlafi wa kuchekwa mwaka 1791 akawa shahidi upande ule wa maji.

Paris haikugeuka. Agosti 1792, baada ya Tuileries kuvamiwa tarehe 10 na familia kuhamishiwa gereza la Temple tarehe 13, ikatoka picha iitwayo “Wanyama adimu”, inayotangaza uhamisho wa bustani ya wanyama ya kifalme kwenda Temple. Mfalme ni batamzinga, malkia ni mbwa mwitu jike, watoto ni vitoto vya mbwa mwitu, na mwanamapinduzi anawaswaga. Maandishi yake yanaitaja tarehe 20 Agosti, wiki nzima baada ya tukio. Fundi alikosea tarehe, au hakujali. Mnunuzi hakuwa akinunua tarehe.

Kisha mnyama akatoweka, na kwangu hili ndilo jambo la kutazamwa kwa makini kuliko yote. Kesi ilipoanza Desemba 1792, na baada ya mfalme kukatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, picha zenye uzito zaidi hazikumwonyesha tena kama nguruwe. Mchapaji aitwaye Villeneuve alitoa moja ambapo mkono unatoka ukutani na kumwandikia Louis hukumu yake, kama ule ulioandika ukutani kwa mfalme Belshaza katika Kitabu cha Danieli: umepimwa kwenye mizani ukaonekana umepungua. Akatoa nyingine ya mkono ulioshika kichwa kilichokatwa, damu inadondoka, na maneno ya kuwaonya wafalme wengine watafakari hilo. Uso katika picha hiyo ni uso wa binadamu, umechorwa kwa uangalifu, hata una utulivu.

Kwa nini? Naona ni kwa sababu jamhuri ilihitaji kumuua mfalme, na kumuua nguruwe hakuna maana yoyote ya kisiasa. Kila nyumba inaua nguruwe. Wabunge waliosema kwa siku kadhaa, wakapiga kura mmoja mmoja kwa sauti, 387 kwa kifo na 334 kwa adhabu nyingine au kifo chenye masharti, hawakufanya yote hayo kwa mfugo. Ili hukumu iwe na uzito, ilibidi mfalme arudishiwe utu wake japo kwa siku chache. Kazi ya nguruwe ilikuwa imekwisha mapema, mwaka 1791, ilipomtoa Louis mahali ambapo mkono wa mtu haumfikii. Sisemi picha zilimuua. Kuna vita iliyotangazwa Aprili 1792, kuna tishio la Duke wa Brunswick, kamanda wa majeshi ya adui, kuiangamiza Paris kama familia ya kifalme ikiguswa, kuna kabati la chuma lililofunguliwa Novemba likakutwa na barua zake za siri. Hayo ndiyo yaliyojenga kesi. Lakini mtu aliyepakwa mafuta matakatifu hashtakiwi kwa barua, na mtu huyo alikwishaondolewa miezi 18 kabla, kwenye kamba za wachuuzi.

Aliyeliona hili mapema kuliko wote alikuwa mtu wa upande wa mfalme. Mwandishi wa habari Boyer-Brun, mzaliwa wa Nîmes, alichapisha mwaka 1792 historia ya picha za kejeli za mapinduzi, akiwa amezikusanya na kuzichambua moja moja kwa hasira. Aliamini kuna njama nyuma yake, na hapo alitia chumvi, maana pesa peke yake ilitosha kueleza mengi. Lakini alisema picha hizi ni kipimajoto cha maoni ya umma, na kwamba anayejua kukitawala kipimo hicho anaweza kuyatawala maoni yenyewe. Alikatwa kichwa mwaka 1794.

Katika miaka hiyohiyo serikali ya mapinduzi nayo ilijaribu kukishika kipimo hicho. Kamati ya Usalama wa Umma ilimpa Jacques-Louis David, mchoraji mkubwa kuliko wote nchini, kazi ya kutengeneza picha za kejeli dhidi ya Uingereza. Akamchora George III akiongozwa na batamzinga pamoja na jeshi la mitungi, na katika nyingine akaiweka serikali ya Uingereza kama shetani aliyechunwa ngozi, sura ya mfalme ikiwa kwenye makalio. Zimejaa mambo, zina maelezo marefu chini, na hazichekeshi. David alikuwa fundi wa hali ya juu asiye na mzaha hata chembe. Yule asiyejulikana, aliyemchora mtu na nguruwe wake wakitoka sokoni, alimshinda kwa mbali.

Miaka 40 baada ya Varennes mfalme mlaji akarudi. Desemba 1831 mchoraji wa kejeli Honoré Daumier alimchora Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, kama jitu lililoketi, watu wakipandisha vikapu vya kodi hadi kinywani mwake. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita. Septemba 1835, baada ya jaribio la kumuua mfalme huyo, ikapitishwa sheria iliyorudisha kibali cha serikali kwa kila picha kabla haijachapwa. Magazeti ya maandishi hayakuwekewa kibali hicho. Katiba ya wakati ule ilimhakikishia Mfaransa haki ya kutangaza maoni yake, na serikali ilipoulizwa kuhusu hilo, ilijibu kwamba haki hiyo ni ya maneno: maoni yakishachorwa na kuwekwa mbele ya macho ya watu si maoni tena, yamekuwa kitendo.